Mazda Roadster la CC 1500: farasi 131 zinatosha?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Arusha, naendesha Mark X ya CC 2500. Nimeliona kwenye mnada wa Japani gari la viti viwili, Mazda Roadster la mwaka 2016, CC 1500, gia za mkono, farasi 131. Wenzangu wananicheka. Wanasema ni gari la mapambo, hata Mark X yangu italiacha, Forester ya turbo ndiyo usiseme. Wewe uliyeliendesha niambie ukweli: likiwa barabarani linakuwaje? Safari zangu ni Arusha na Moshi, na mara moja moja Lushoto kwa wazazi. Litanifaa au nitajuta?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na hesabu, maana wenzako wameipiga nusu. Mark X yako ina farasi 203 na uzito wa kilo 1,510 hivi, kwa hiyo kila farasi anabeba kilo 7.4. Roadster la CC 1500, toleo jepesi kuliko yote la wakati huo, lina kilo 990 na farasi 131, na kila farasi anabeba kilo 7.6. Mkijipanga kwenye barabara iliyonyooka mtaondoka mmekaribiana, na Mark X itatangulia kidogo. Kwa Roadster kiwanda kinataja sekunde 8.3 kufika kilometa 100 kwa saa, na spidi ya mwisho 204. Forester ya turbo itawaacha nyote wawili. Likubali hilo kabla hujatuma hela Japani.

Halafu Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, na hewa ya huko ni hafifu, kwa hiyo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Farasi 131 za kwenye karatasi zinabaki kama 115 ukiwa Sakina au Njiro. Ukishuka Tanga zinarudi zote. Mark X nayo inapoteza kwa kiwango hichohicho, ila Forester haipungukiwi sana kwa sababu turbo inaisukumia hewa. Kwa hiyo kama hamu yako ni kuwaacha watu kwenye taa, funga ukurasa wa mnada sasa hivi, na pesa yako itakuwa salama.

Namba ambayo wenzako hawaitaji ni ile 990, na mimi naamini gari lote limo ndani ya namba hiyo. Uzito haufanyi kazi wakati wa kuondoka tu. Unafanya kazi unapofunga breki, unapokata kona, unapovuka tuta, na hata unapotembea kilometa 40 kwa saa nyuma ya daladala. Nguvu ya injini unaitumia pale tu unapokanyaga mafuta, lakini uzito unaubeba muda wote gari linapotembea.

Wepesi una tabia ya kuzaa wepesi mwingine. Gari likiwa jepesi, linahitaji injini ndogo tu. Injini ikiwa ndogo, breki ndogo zinatosha. Springi zinaweza kuwa laini na bado gari likashika barabara, na matairi yanaweza kuwa membamba: Roadster hili linavaa 195/50 rimu 16, saizi ambayo watu wengi wangeiona ndogo kwa gari la michezo. Tairi jembamba lisilobeba mzigo mkubwa linaanza kukuambia mapema kwamba linakaribia kuteleza, na linakuambia taratibu. Tairi pana chini ya gari zito linashika, linashika, kisha linaachia ghafla ukiwa kwenye mwendo ambao huna nafasi ya kujirekebisha. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nilipende gari hili, na nitairudia, kwa sababu kwenye barabara zetu ndiyo ya kwanza kwa umuhimu.

Mazda walihangaika sana kufika hapo. Gari la kwanza lilionyeshwa Chicago mwezi Februari 1989, likauzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster likiwa na kilo 940 hivi. Wazo lenyewe lilitoka kwa Bob Hall, mwandishi wa habari za magari wa Marekani, aliyemweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia imeachwa bila gari dogo la wazi la aina ya Waingereza. Lotus Elan ya 1962 ndiyo iliyotazamwa kama mfano: injini mbele, matairi ya nyuma yanayosukuma, viti viwili, basi. Magari yale ya Uingereza yalikuwa matamu kuendesha lakini yalivuja oili na kugoma asubuhi. Japani walichukua utamu, wakaacha ugonjwa. Kizazi hadi kizazi gari likanenepa, mpaka kizazi cha nne kilichoanza kuuzwa 2015, hicho unachokitaka wewe, ambapo timu ya mhandisi Nobuhiro Yamamoto ilikata karibu kilo 100 kutoka kizazi cha tatu. Boneti, mlango wa buti na mabawa ya mbele ni alumini. Urefu ni milimita 3,915, fupi kuliko hata lile la 1989. Aprili 2016 kiwandani Hiroshima walitoa gari la milioni moja, na hakuna gari la wazi la michezo la viti viwili lililouzwa kwa wingi namna hiyo.

Sasa tuingie ndani. Unakaa chini sana, miguu imenyooka mbele, na kiti hakina springi za kawaida bali wavu uliovutwa, kwa hiyo makalio yako yako karibu kabisa na sakafu. Unakaa karibu na ekseli ya nyuma, na nyuma ya bega lako kuna nafasi ndogo tu kabla ya buti. Hakuna droo ya dashibodi mbele ya abiria. Kabati liko katikati ya viti viwili, nyuma ya viwiko vyenu. Kama wewe ni mrefu sana, jaribu kwanza kukaa, maana usukani wa magari ya 2016 unapanda na kushuka tu, hausogei kuja kwako. Hilo walilirekebisha kwenye toleo la 2018.

Paa ni turubai, na unalifungua umekaa: unaachia kilango kimoja katikati juu ya kioo, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja mpaka linase. Ni kazi ya sekunde chache, na kwa sababu ni rahisi utalifungua mara nyingi, hata kwenda tu sokoni. Jua la saa saba mchana ni kali, usijidanganye. Asubuhi na jioni ndiyo saa za gari hili. Unasikia harufu ya mvua kabla haijafika, unasikia kahawa inayokaangwa, na bahati mbaya unasikia pia moshi wa lori la mbele yako.

Mtu anayetoka kwenye Mark X atashtuka mita 500 za kwanza. Usukani ni mwepesi, na pua ya gari inageuka kabla hujamaliza kuamua. Kisha kwenye kona ya kwanza gari linalala. Linalala kweli, kuliko ulivyotarajia kwa gari la michezo, na wengi hapo husema shokapu zimekufa. Hazijakufa. Springi zimefanywa laini kwa makusudi ili tairi lifuate barabara mbovu na ili mwili wako ujue uzito umekwenda upande gani. Ukishazoea, kule kulala kunakuwa kipimo chako: gari likilala kiasi hiki bado una akiba, likilala kiasi kile umekaribia mwisho. Kwenye gari lililokakamaa hupati kipimo hicho; linakaa wima tu mpaka linapotoka njiani.

Kuhusu usukani nitasema ukweli wangu: haunipi habari nyingi kama wa magari ya kizazi cha kwanza. Ni wa umeme, na habari kutoka kwenye tairi za mbele zinafika zikiwa zimechujwa. Habari nyingi zinapitia kwenye kiti. Nyuma inapoanza kusogea, unaihisi kiunoni kabla ya kuiona kwa macho. Kwangu mimi hiyo inatosha, lakini nimekutana na wapenzi wa matoleo ya zamani wasiokubali, na siwezi kuwalaumu.

Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, maana unaifahamu na ndiyo barabara bora ya kulielewa gari hili katika nchi yetu. Ni kilometa 33 hivi, lami nyembamba, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na unapanda karibu mita 1,000. Ukitoka Mombo una gia ya tatu, mwendo kama 60. Mbele yako kona kali ya kushoto. Unakanyaga breki, pua inainama na uzito unahamia matairi ya mbele. Pedali ya mafuta imeegemezwa sakafuni, iko sambamba na ya breki, kwa hiyo kisigino kinaifikia kwa urahisi kuamsha injini wakati unashusha gia kwenda ya pili. Mkono wa gia unatembea umbali mfupi kuliko urefu wa kidole chako, unapita katikati, unakutana na ukinzani mdogo, halafu unaingia kwa mlio unaouhisi kiganjani zaidi ya kuusikia. Sijaendesha gari jipya la bei hii lenye gia tamu kuliko hizo.

Unaachia breki taratibu huku ukigeuza usukani. Gari linalala upande wa bonde, linatulia, na hapo katikati ya kona kuna kipande kifupi ambacho hakuna kinachotokea: wala hukanyagi mafuta, wala hufungi breki, gari linazunguka kwa uzito wake lenyewe. Ukiwahi kukanyaga mafuta kabla ya kipande hicho kuisha, pua inapanuka kwenda nje. Ukisubiri kisha ukakanyaga kidogo, nyuma inakaa chini, usukani unafunguka wenyewe mkononi, na unatoka kwenye kona gari likiwa limenyooka. Mwendo? Labda 45. Mwanao mdogo akiwa kiti cha pili hangelalamika. Lakini umefanya kazi sita za uendeshaji kwa mpangilio, na gari limekujibu kwa kila moja. Mark X ingepita kona hiyohiyo kwa mwendo uleule, na ungekuwa umegeuza usukani tu.

Siri ya hilo iko chini ya boneti. Injini imewekwa nyuma ya ekseli ya mbele, ikasogezwa kuelekea kwenu. Watu wawili wakikaa, uzito unagawanyika nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Giaboksi na difu vimeungwa na fremu moja ya alumini iliyonyooka chini ya gari, kwa hiyo ukikanyaga au ukiachia mafuta difu haijikunji kwenye bushi zake kabla ya kusukuma. Jibu linafika papo hapo. Wazo hilo lipo tangu gari la 1989, na hawajalibadilisha kwa sababu halina kosa.

Wakati wa kushuka kutoka Lushoto ndipo uzito unapodai haki yake. Umewahi kunusa breki za watu pale chini karibu na Mombo, najua. Gari la kilo 1,510 linaloshuka lina mzigo wa kuzuia mara moja na nusu ya gari la kilo 990 kwa mwendo uleule. Roadster likiwa gia ya pili au ya tatu injini inalizuia karibu lote, na mguu wako unagusa breki kabla ya kona tu. Unafika chini pedali ikiwa ngumu vilevile kama ulivyoondoka juu.

Injini yenyewe inataka kuombwa. Chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika ni mpole, na dereva mvivu wa gia atasema halina nguvu. Nguvu ya kuvuta inafika kilele kwenye 4,800, farasi 131 zinapatikana kwenye 7,000, na mshale unaruhusiwa kwenda hadi 7,500. Gia ya pili peke yake inaweza kukufikisha karibu kilometa 98 kwa saa, kwa hiyo kupanda mlima wote ule unatumia pili na tatu tu. Nchi nyingine gari hilihili liliuzwa na injini ya CC 2000. Inavuta zaidi, hasa ukipanda, lakini ile ya CC 1500 inapanda mizunguko kwa wepesi ambao ile kubwa ya miaka hiyo haina, na pua inakuwa nyepesi zaidi kwenye kona. Nikipewa zote mbili, nachukua ndogo.

Na kuna jambo la askari wa tochi, wale wanaopima mwendo wa magari. Kutoka Arusha mpaka Mombo unapita vijiji vingi vya 50, na faini ni shilingi 30,000 kila unapopigwa tochi. Gari kubwa lenye nguvu kwenye 50 limelala usingizi, na dereva wake anakereka. Roadster kwenye 50 gia ya tatu liko mizunguko 2,600, upepo unapita kichwani, unasikia injini, unasikia barabara, na mwendo unauhisi kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Raha yake inaanza mapema, ndani ya sheria. Kwa dereva wa Tanzania sijui sifa gani ya gari la michezo ingekuwa na maana kubwa kuliko hiyo.

Arusha na Moshi ni habari tofauti, na hapa sitakupamba. Barabara ile imenyooka, ina malori na pikipiki nyingi, na wewe uko chini, macho yako yako karibu na usawa wa juu ya tairi la lori. Kaa mbali nyuma ya lori ili uone mbele. Ukilikaribia huoni kitu. Wakati wa kulipita, shuka gia ya tatu. Kwenye 80 mshale utakuwa kama 4,100, tayari karibu na kilele cha mvuto, na gari litapita kwa usalama. Ukijaribu kulipita ukiwa gia ya sita utabaki pembeni ya lori ukimwomba Mungu. Washa taa mchana kutwa, maana bodaboda na madereva wa mabasi hawatarajii kitu kifupi namna hiyo.

Kwenye 100, gia ya sita, injini iko 2,500 na imetulia, lakini upepo na matairi vina kelele hata turubai likiwa limefungwa. Mtaongea kwa sauti ya juu. Baada ya Same, kule Makanya na Hedaru upepo wa pembeni ukivuma utauhisi, ingawa gari haliyumbi sana kwa kuwa ni fupi na liko chini. Tanki ni la lita 40. Ukilijaza Arusha litakufikisha Lushoto. Injini inagandamiza kwa uwiano wa 13 kwa 1, kwa hiyo inataka petroli safi yenye oktani ya juu. Usijaze kwenye kituo usichokiamini.

Matuta yanawatisha watu kupita kiasi. Umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 2,310 tu, na ufupi huo unalisaidia tumbo lisikwame juu ya tuta. Kinachogusa ni bampa ya mbele, hasa kwenye matuta yale ya kienyeji yaliyosimama wima kama ukuta. Nenda taratibu, mshazari pale panapowezekana. Barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri linapita. Barabara ya mawe au ya tope, acha, chukua Mark X.

Buti ni lita 130. Mabegi mawili laini yanaingia. Wazazi wa Lushoto hawamwachi mtoto aondoke mikono mitupu, lakini gunia la viazi halitaingia, na tairi la akiba halimo kabisa: kuna dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Kwa safari ya kwenda Lushoto hiyo ni kasoro ya kweli. Mimi ningebeba pia vifaa vya kuziba tairi kwa kamba, vile wanavyotumia mafundi wa matairi barabarani, maana dawa haizibi tundu kubwa wala pembeni mwa tairi.

Kwenye mnada, soma daraja la gari kwa makini, kwa sababu mwaka mmoja na injini moja vinaficha magari tofauti. Lile la kilo 990 linaitwa S. Halina stabilaiza ya nyuma, chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona, wala difu ya LSD, ile inayozuia tairi moja la nyuma lisizunguke bure; ndilo linalolala kuliko yote, na ni zuri mno kwa mtu anayejua anachokitaka. S Special Package la gia za mkono lina vyote viwili na uzito wa kilo 1,010. Ndilo ninalokushauri, kwa sababu mvua za masika zikinyesha juu ya lami yenye vumbi la Usambara, LSD utaishukuru. RS lina shokapu za kampuni ya Bilstein, limekaza zaidi. Kwa barabara zetu mimi sioni haja yake. Lipo pia RF lenye paa gumu linalojikunja kwa umeme: Japani linakuja na CC 2000 na uzito wa kama kilo 1,100, limetulia zaidi safarini lakini lile jambo ninalolisifu hapa linapungua. La oto usinunue. Utakuwa umelipia gari zima ukaacha nusu ya raha.

Omba picha za chini ya gari. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yanatembea kwenye barabara zenye chumvi ya kuyeyushia theluji, na kutu inaanzia kwenye mikono ya suspensheni na maungio. Mwambie anayekukagulia ajaribu gia ya pili na ya tatu injini ikiwa bado baridi. Ikiguna au ikikataa, achana nalo. Turubai likaguliwe kwenye mikunjo na kioo cha nyuma. Na likifika, jambo la kwanza, kabla hata ya kulipiga picha: fungua mifereji ya kutolea maji iliyoko nyuma ya viti, chini ya kona za turubai, uisafishe. Vumbi na majani vikiziba pale, maji ya mvua yanaingia ndani ya mwili wa gari na kulioza kutoka ndani, mahali usipoona. Kwa vumbi la Arusha fanya hivyo kabla ya kila msimu wa mvua.

Vipuri vya sevisi si tatizo kubwa. Injini ni ya ukoo mmoja na ya Mazda Axela ya CC 1500, na fundi anayezijua injini zile hatapotea. Vya bodi ndivyo vinavyouma. Boneti ya alumini ikikunjwa, fundi wa kugonga wa kawaida hawezi kuinyoosha ikarudi. Utaagiza nyingine na kusubiri meli. Tafuta bima kubwa, usiishie kwenye ile ya watu wengine. Na kabla ya kulipa, ingiza gari kwenye kikokotoo cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa sababu gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likivuka 10 unaongezeka tena. Inawezekana gari la mwaka wa mbele, ghali zaidi Japani, likakutoka kwa bei ileile bandarini, na ukapata usukani unaosogea pamoja nalo.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwako ni huu: nunua, kwa sharti kwamba Mark X haiuzwi. Kama gari ni moja tu nyumbani na kuna watoto wa kupeleka shule, subiri. Kama Mark X inabaki, Roadster litakufaa, na wewe mwenyewe utakuwa dereva bora baada ya mwaka mmoja, kwa sababu litakufundisha kona, gia na breki kwa mwendo ambao ukikosea unapata nafasi ya kurekebisha.

Likifika, usibadilishe rimu kwenda 18 wala kulishusha springi. Vijana watakushauri hivyo siku ya kwanza. Weka matairi mapya ya saizi ileile, fuata upepo ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango, kisha lipeleke mahali penye mashine nzuri ya alaimenti. Matairi manne ya gari hili yote yanarekebishwa, ya nyuma pia, na kupotoka kidogo tu kwa yale ya nyuma kunalifanya gari liwe na wasiwasi kwenye kona. Baada ya hapo ondoka Arusha alfajiri, Mombo uipate kabla malori ya mboga hayajaanza kushuka.